Rafiki wa Steringi

Msomaji wangu, kama ulikulia Bongo na ukawahi kutoroka nyumbani kwenda kubanana kwenye benchi la banda la video, sheria unazijua. Steringi hafi. Adui mkubwa anapigwa mwishoni kabisa. Na rafiki wa steringi, yule mcheshi, anayebeba begi, anayeendesha gari, anayesema "wewe nenda, mimi nitawazuia hapa", huyo hamalizi mkanda. Atapigwa risasi dakika chache kabla ya pambano la mwisho, atafia mikononi mwa steringi, na steringi atapiga ukelele, atafunga kitambaa kichwani na kwenda kulipa kisasi. Banda zima linashangilia. Jina la marehemu hakuna anayelikumbuka.

Mwezi huu nimemkumbuka sana huyo marehemu. Ngoja nikwambie kwa nini.

"Na aliyeambatana naye"

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba mimi ni mhamiaji wa Dodoma. Mke wangu aliletwa huku kikazi, wakati ofisi za serikali zilipoanza kuhama Dar es Salaam baada ya lile tangazo la 2016. Kwa miezi kadhaa tuliishi ndoa ya kwenye basi, Ijumaa kwenda, Jumapili kurudi, mpaka siku moja nikafungasha. Watumishi wana maneno yao kwenye barua za uhamisho, "kumfuata mwenza". Mimi si mtumishi, naandika tu, kwa hiyo barua sikuandika. Ila kumfuata nilimfuata, bwana.

Sasa, Jumamosi moja tukaenda harusi ya kijana wa ofisini kwao. Ukumbi umepambwa bomba, vitambaa vya zambarau, watu wamependeza ile mbaya. MC akaanza kutambulisha wageni. Alipofika meza yetu akamwaga sifa zote za mke wangu, cheo chake, uchapakazi wake, ulezi wake kwa vijana, makofi yakapigwa. Kisha akasogeza kipaza sauti na kumalizia: "Na aliyeambatana naye."

Nikasimama nusu. Nikapunga mkono nusu. Nikakaa.

Utasema jambo dogo hilo. Kweli, ni dogo. Lakini wali ule haukushuka. Kwenye gari nikapiga kimya kuanzia ukumbini mpaka Kisasa. Tulipofika nyumbani uvumilivu ukanishinda. Nikamuuliza, "Hivi mimi ni begi?" Mke wangu alikuwa anavua viatu. Hakukasirika. Alinijibu kwa maswali mawili tu, na hayo maswali nitakupa baadaye, kwa sababu usiku ule yalininyima usingizi na nikabaki nahesabu kichwani marafiki wote wa steringi ninaowafahamu.

Ucheshi wa mtu mmoja haunogi

Nilianza na wale wa kuchekesha, nijifariji. Waliokua na Radio Tanzania Dar es Salaam watawakumbuka Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili ambao kila siku walipanga kumtapeli mtu na kila siku mambo yakawaharibikia. Hebu jaribu kumwondoa mmoja. Unabaki na mwizi. Ni wawili ndio waliofanya kuwa kichekesho, maana lazima mmoja atoe wazo la kijinga na mwingine alikubali.

Halafu kuna Mzee Majuto, Amri Athumani, na Sharo Milionea. Mmoja mzee wa siku nyingi kwenye sanaa, mwingine kijana aliyelifanya neno "sharobaro" liwe la kila mtaa. Ukiwaweka kwenye fremu moja, hujui nani steringi nani rafiki. Mikogo ya kijana inachekesha kwa sababu mzee yupo anaishangaa, na ushamba wa mzee unachekesha kwa sababu kijana anauonea aibu. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Novemba 2012. Mzee Majuto aliendelea kutuchekesha mpaka Agosti 2018 alipofariki naye. Mpaka leo zile video zao zikiwekwa sebuleni, anakaa babu, anakaa mjukuu, wote wanacheka.

Hata Wazungu wanalijua hili. Sherlock Holmes, yule mpelelezi mwenye akili nyingi, hadithi zake karibu zote zinasimuliwa na rafiki yake, Daktari Watson. Yaani sifa zote unazozijua za Holmes umezipata kwa Watson. Angemnunia siku moja akaacha kuandika, Holmes angebaki mwanaume mmoja wa London mwenye kiko na tabia ngumu.

Hapo nikaanza kupata nafuu. Lakini somo lenyewe lilikuwa karibu zaidi, hapa hapa Ugogo.

Anayeanzisha na anayeitikia

Kama umehamia Dodoma na bado unadhani kwamba utamaduni wa hapa ni zabibu na vumbi tu, tafuta muziki wa Hukwe Zawose. Mzee huyu alizaliwa Ugogo mwaka 1938. Mwalimu Nyerere aliusikia muziki wake, akamwita Dar es Salaam, na baadaye akahamia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kinachoitwa sasa TaSUBa. Alipiga ilimba, ile marimba ya vidole yenye vijiti vya chuma, na akapiga zeze, ambalo Wagogo huliita izeze. Sauti yake ilitoka chini kabisa, kama ya mtu anayeongea kisimani, ikapanda mpaka ukadhani ni ya mtoto.

Mwaka 1996 albamu yake ya Chibite ilitoka Uingereza kwa Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Mwaka 2002 alikuwa kwenye majukwaa makubwa ya Marekani akifungua maonyesho ya huyo huyo Gabriel. Dunia ikamjua Hukwe.

Na pembeni yake, safari hizo, alikuwa Charles Zawose, kijana wa ukoo wake, naye ana ilimba yake na sauti yake.

Ukisikiliza kwa haraka utasema huyo ni msindikizaji. Lakini muziki wa Kigogo haujatengenezwa kwa mtu mmoja. Mmoja anaanzisha, mwingine anapokea, sauti zinapandana, moja inapita juu na nyingine inashika chini, mpaka husemi tena kwamba huu ni wimbo wa nani. Anayeanzisha asipopata wa kumwitikia, hajaimba. Amepiga kelele tu porini. Kwa hiyo anayeitikia hapambi wimbo. Anaukamilisha.

Ila sasa, kwenye jalada la albamu, jina linalokuja kwa herufi kubwa huwa moja.

Mzee Hukwe alifariki Bagamoyo mwishoni mwa 2003, na hapo ndipo hadithi inaponigusa mimi. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo ule walikuwa nyuma ya jukwaa. Walicheza, waliitikia, walipiga muheme, ile ngoma ambayo kwa Wagogo ni ya akina mama. Wimbo waliujua wote, herufi kwa herufi. Mwaka 2024 wawili kati yao, Pendo ambaye ni binti wa Hukwe, na Leah ambaye ni mjukuu wake, walitoa albamu yao wenyewe iitwayo Maisha, kwa kampuni ile ile, wakijiita Zawose Queens. Wako mbele wao, na sauti ni zao. Hawakujifunza kuimba mwaka huo, jamani. Walikuwa wanaimba siku zote. Kilichobadilika ni mahali walipowekwa kusimama.

Steringi wanabadilika, rafiki ni yule yule

Ukitoka Dodoma kwenda Tabora unafuata upande ule ule uliopitiwa na misafara ya karne ya 19. Kutoka pwani mpaka Tabora ilibidi ukatize Ugogo, nchi kavu, na watemi wa Kigogo walitoza hongo. Usicheke, enzi hizo hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita kwenye nchi ya mtu, siyo hii ya leo ya chini ya meza.

Shuleni tulikaririshwa majina ya steringi wa njia ile: Burton na Speke waliopita 1857, Stanley 1871, Cameron 1873. Sasa mtafute mtu mmoja aliyetumika kwenye misafara yao wote. Yupo. Anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Myao, alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akaachwa huru na kurudi Zanzibar. Speke aliongea naye Kihindustani, na Bombay ndiye akawa mdomo na masikio yake kwa kila waliyekutana naye. Alikuwa na Speke mwaka 1858 walipofika kwenye lile ziwa kubwa, ambalo likapewa jina la malkia wa Uingereza asiyewahi kutia hata kidole kwenye maji yake. Akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone. Akaenda na Cameron mpaka bahari ya Atlantiki, 1875. Kwa lugha ya banda la video, steringi walibadilika mara nne, rafiki akabaki yule yule. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani na pensheni. Sisi hata kwenye mtihani hatukuulizwa.

Na kuna Susi na Chuma. Bwana wao David Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, hakuna ambaye angewalaumu kama wangemzika pale na kwenda zao. Msafara ule uliamua vingine. Moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha na kuufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika Tabora wakakutana na Cameron, Mzungu mwenye madaraka, akawashauri wamzike hapo hapo yaishe. Wakakataa. Njiani kukatokea watu wasiotaka maiti ipite kwao, ikabidi waufunge upya mwili ufanane na mzigo wa nguo. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa kwa heshima zote kwenye kanisa la Westminster Abbey, London. Mwenzao mmoja, Jacob Wainwright, alikuwepo. Susi na Chuma hawakuwepo. Walifikishwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Hebu simama hapo kidogo. Unambeba mtu miezi tisa, halafu siku ya mazishi wewe haupo.

Na hata hao wana watu nyuma yao. Kwenye msafara ule kulikuwa na wanawake, mmoja ni Halima, mpishi wa Livingstone. Mwaka 2019 mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, alitoa riwaya kuhusu safari ile, na mmoja wa wasimulizi wake wawili ni Halima. Miaka karibu 150, mpishi akapewa nafasi ya kusema.

Maswali mawili

Sasa turudi Kisasa, mke wangu anavua viatu.

Swali la kwanza lilikuwa hili: "Kule Dar, ulipokuwa unanipeleka kwa wenzako wa magazeti, ulikuwa unanitambulisha nani?"

Nikafikiri. Nilikuwa nasema, "Huyu mama watoto." Miaka yote hiyo. Kwenye sherehe, misibani, kwenye chakula cha jioni na wahariri. Wengine mpaka leo wanamwita shemeji kwa sababu hawajawahi kuambiwa jina lake, sembuse kazi yake. Mimi nimeitwa "aliyeambatana naye" mara moja na wali ukanikaa kooni. Yeye alikuwa anatabasamu na kushika mkono wa kila mtu.

Swali la pili: "Na ile nafasi ya Mwanza, unajua iliishaje?"

Hiyo Mwanza naikumbuka. Ilikuwa miaka mingi nyuma, alifanya usaili wa nafasi nzuri tu, na mwezi huo huo mimi nikapata safu yangu ya kwanza, tena nikaitangaza mtaa mzima. Baada ya wiki mbili akaniambia Mwanza imeshindikana. Nikamwambia pole, Mungu atafungua mlango mwingine, tukaendelea na maisha. Nilidhani walimpa mtu mwingine.

Hawakumpa mtu mwingine. Walimpigia simu yeye, akakataa, kwa sababu aliona mimi ndiyo kwanza naanza. Na hakusema, eti asinitie unyonge. Msomaji wangu, nilikaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyeambiwa deni la benki ambalo hakujua kama alikopa. Mimi niliyekuwa najiona shujaa kwa kuhamia Dodoma, kumbe nilikuwa narudisha tu. Tena nilirudisha kwa kelele. Yeye alitoa kimya kimya.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Hukuuliza imeshindikanaje." Kweli. Sikuuliza.

Kazi ya kufanya wewe na mwenzako

Sikuandikii haya ili umhurumie mtu. Kumsindikiza mwenzako si aibu, kila nyumba ina msimu ambao mmoja anawaka na mwingine anashika taa. Tatizo ni msimu kugeuka kuwa maisha, na anayeshika taa kukosa jina. Sasa fanyeni haya mwezi huu:

1. Mtambulishe kwa jina lake. Jina kamili, na kazi yake kama ana kazi, na biashara yake kama ana biashara. "Mama watoto", "mzee wangu", "ubavu wangu" ni majina matamu ya ndani ya nyumba. Mbele za watu, mpe mtu jina lake.

2. Uliza kuhusu Mwanza yake. Kila mwenzi wa muda mrefu ana kitu alichokiacha ili wewe uendelee. Safari, shule, mtaji, hata marafiki. Chagueni jioni tulivu, zima simu, uliza, "Kuna kitu uliacha kwa ajili yangu ambacho sikijui?" Halafu usijitetee. Sikiliza mpaka mwisho.

3. Na wewe uliyeacha, sema. Ukimya wa upendo unapendeza siku ile, miaka kumi baadaye unageuka uchungu. Mwenzako hawezi kushukuru asichokijua. Mke wangu mwenyewe amekiri hapo alikosea, kidogo. Neno "kidogo" ni lake.

4. Pangeni zamu. Kaeni na mkubaliane uamuzi mkubwa unaofuata, wa kazi au wa shule au wa mji, utapimwa kwanza kwa faida ya nani. Usisubiri barua ya uhamisho ikuamulie.

5. Ukiwa wewe ndiye unayeitikia, itikia kwa sauti. Siyo kununa kwenye gari kutoka ukumbini mpaka nyumbani. Nimejaribu, haisaidii, na njaa inauma.

Wiki iliyopita tulialikwa kwenye send-off nyingine. Mtu wa mapokezi alikuwa anapita meza kwa meza na karatasi, anaandika majina kwa ajili ya MC. Alipofika kwetu mke wangu akamwomba kalamu, akaandika mwenyewe. Jina lake, na chini yake jina langu. Cheo hakuweka, chake wala changu.

MC alipofika zamu yetu, jina la mke wangu akalisoma vizuri. Langu akalikosea, akanipa ukoo wa watu wengine kabisa.

Nikasimama wima, nikapunga mkono wote.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Na huyo aliyekaa pembeni yako sasa hivi, mwite kwa jina lake.